Architecture & Morality au Dazzle Ships: ulinganisho kwa anayetaka kuanza kuisikiliza OMD

Anayetaka kuifahamu bendi ya Uingereza ya Orchestral Manoeuvres in the Dark, ambayo wapenzi wake huiita OMD kwa ufupi, hukuta mbele yake albamu 14 za studio zilizotolewa kati ya mwaka 1980 na 2023, na si rahisi kujua aingilie mlango upi. Kwa maoni yangu uchaguzi wenye maana ni kati ya albamu mbili zilizofuatana, Architecture & Morality ya Novemba 1981 na Dazzle Ships ya Machi 1983, kwa sababu karibu kila kitu ambacho bendi hii imefanya kabla na baada yake kinaegemea upande wa mojawapo. Ya kwanza ilifika nafasi ya 3 katika chati ya albamu ya Uingereza na ikatoa singo tatu mfululizo zilizoingia tano bora. Ya pili ilifika nafasi ya 5, zaidi kwa heshima ya jina lililokwisha kujengwa, kisha singo yake ya pili, “Telegraph”, ikakwama kwenye nafasi ya 42. Walioziunda ni watu wale wale wanne, na kati ya albamu hizo ilipita miezi 16 tu.

Mara nyingi husemwa kwamba moja ni albamu ya nyimbo na nyingine ni ya majaribio. Maelezo hayo humpotosha msikilizaji mgeni, kwa kuwa Architecture & Morality ina kelele nyingi kuliko watu wanavyokumbuka, na Dazzle Ships ina nyimbo tamu kuliko sifa inayosimuliwa. Kinachozitofautisha ni mahali ilipowekwa melodi. Katika ile ya 1981 melodi imetandazwa juu ya kelele kama mkeka juu ya sakafu ya udongo, na msikilizaji hukaa juu yake bila kuhisi kilicho chini. Katika ile ya 1983 mkeka umekunjwa, sakafu iko wazi, na utaukuta umetandikwa katika baadhi ya vyumba tu, si kila utakapokanyaga.

Ili kuelewa kwa nini kelele ipo katika zote mbili, inafaa kukumbuka walivyoanza. Waanzilishi wa bendi, Andy McCluskey na Paul Humphreys, walikuwa marafiki tangu shule ya msingi huko Wirral, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool. Mnamo Septemba 1975 McCluskey, akiwa kijana wa miaka 16, aliwaona Kraftwerk, kundi la muziki wa kielektroniki la Ujerumani, wakipiga katika ukumbi wa Liverpool Empire, na hakurudi tena kwenye muziki aliokuwa akiupenda kabla. Fedha za vyombo hawakuwa nazo. Humphreys, aliyekuwa na mkono wa fundi umeme, alifungua redio kuukuu za shangazi yake na kuunda kutokana na vipuri vyake mashine za kutoa sauti za ajabu. Sinthesaiza yao, yaani kinanda cha kielektroniki, ya Korg Micro-Preset ilinunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia katalogi ya biashara ya posta ya mama yake McCluskey. Rekoda ya kanda ya traki nne waliipa jina Winston na wakapanda nayo jukwaani kama mwanabendi wa tatu. Onyesho lao la kwanza lilikuwa katika klabu ya Eric's, Liverpool, mwezi Oktoba 1978. Mwaka uliofuata Factory Records ya Manchester ikatoa singo yao “Electricity”, kisha wakachukuliwa na Dindisc, lebo ndogo chini ya Virgin, na malipo ya awali waliyopewa wakayajengea studio yao wenyewe mjini Liverpool, wakihesabu kwamba albamu isipouzika, angalau studio itabaki. Watu walioanza kwa kuchokoa redio mbovu hawawezi kuona kelele kuwa ni kitu cha kufichwa.

Jambo la pili ambalo albamu hizi mbili zinashirikiana linahusu utunzi. Katika nyingi ya nyimbo zao bora hakuna kibwagizo cha kuimbwa. McCluskey huimba ubeti, hunyamaza, na kinanda ndicho kinachoitikia kwa melodi ambayo msikilizaji ataondoka nayo kichwani. “Enola Gay” ya mwaka 1980, kutoka albamu yao ya pili, Organisation, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Wimbo huo umepewa jina la ndege iliyodondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, lakini sauti ya kinanda inayoufungua ni changamfu kiasi kwamba wengi waliucheza bila kujua unasema nini. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuusikiliza kwa makini, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa kutengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ambayo Kiswahili ndicho lugha ya miji ya migodi. Tangu nilipolijua hilo siusikii tena wimbo huo kama habari za mbali.

Ndani ya Architecture & Morality

Albamu hii ina nyimbo 9 na haifiki dakika 40. Anayeiweka kwa mara ya kwanza akitarajia sinthipopu laini, yaani popu ya sinthesaiza, hushtuka, kwa kuwa wimbo wa kufungulia, “The New Stone Age”, unaanza kwa gitaa linalokwaruzwa kwa jazba huku McCluskey akilia zaidi kuliko anavyoimba. Mara ya kwanza niliposikia mwanzo ule nilitazama tena jalada kuhakikisha kwamba sikukosea albamu. Baada ya nyimbo mbili inakuja “Souvenir”, na hapo ndipo watu wengi wanapokamatwa.

“Souvenir” imeimbwa na Humphreys, aliyeitunga pamoja na mwanabendi mwenzake Martin Cooper, na msingi wake ni sauti za kwaya zilizorekodiwa kwenye kanda kisha zikaungwa kuwa vitanzi vinavyozunguka. Isikilize kwa hedifoni, uyaache maneno yapite, ufuate zile sauti za nyuma peke yake. Utagundua kwamba kwaya hiyo haivuti pumzi hata mara moja. Waimbaji wa kweli wangepumua, wangepishana kidogo, mmoja angekohoa. Hawa wanaendelea tu, na ndiyo sababu wimbo mzima unaelea kama mashua isiyo na nanga. Ulifika nafasi ya 3.

Kwingineko katika albamu chombo kinachotawala ni Mellotron, kinanda cha miaka ya 1960 ambacho kila kitufe chake huvuta kipande cha kanda chenye sauti iliyorekodiwa ya kwaya au ya fidla. Kipande hicho huisha baada ya sekunde nane hivi, kwa hiyo mpigaji hawezi kuishikilia noti kadiri apendavyo. Lazima aiachie na kuanza upya. Udhaifu huo wa mashine umewapa wimbo wa “Joan of Arc” na ule wa “Maid of Orleans” pumzi ambayo “Souvenir” haina. Nyimbo hizo mbili, zinazofuatana, zinamhusu msichana yule wa Ufaransa aliyeongoza vita na kuchomwa moto mwaka 1431. Ule wa pili ndio ushahidi wangu mkubwa. Unaanza kwa karibu nusu dakika ya mikwaruzo na mivumo isiyo na tyuni yoyote, kisha ngoma zinaingia kwa mwendo wa waltz, na juu yake melodi nzito inayokaribia sauti ya zumari. Ni mwanzo ambao kituo cha redio kingetamani kuukata. Hata hivyo wimbo huo ulifika nafasi ya 4 Uingereza, ukashika namba 1 Ujerumani Magharibi, na ukawa singo iliyouzwa kuliko zote nchini humo kwa mwaka 1982. Wasikilizaji walivumilia kelele kwa sababu melodi ilikuja na ilikuja kwa ukarimu.

“Sealand”, wenye urefu wa karibu dakika nane, ni wa kipekee humu: vinanda hupanda na kushuka kama maji ya bahari yenye ukungu, na maneno yanayoimbwa ni machache sana. Nitaurudia mwishoni, kwa sababu ni wimbo wenye kazi maalumu kwa anayechagua.

Ndani ya Dazzle Ships

Jina la albamu hii limetokana na meli za Vita vya Kwanza vya Dunia zilizopakwa mistari mikali ya rangi zinazopingana. Mistari hiyo haikuwekwa ili kuificha meli, kwa maana meli baharini haifichiki. Ilikusudiwa kumvuruga adui asijue meli inaelekea wapi na kwa kasi gani. Msanii Edward Wadsworth, aliyewahi kusimamia kazi hiyo ya upakaji rangi, alichora mwaka 1919 picha ya meli za namna hiyo zikiwa katika gudi la Liverpool, na Peter Saville, msanifu wa majalada ya OMD, ndiye aliyewapa bendi wazo la jina hilo kutokana na picha hiyo. Sijui jina jingine lililoiva kwa kazi yake kama hili. Albamu haijifichi, inakuchanganya tu usijue inaelekea wapi.

Ina vipande 12 katika muda wa dakika kama 35, na kati ya hivyo ni saba tu ambavyo ningeviita nyimbo kamili. Vilivyobaki ni sauti zilizookotwa na kupangwa. “Radio Prague” ni mlio wa kitambulisho wa redio ya Chekoslovakia kama ulivyosikika kwenye masafa mafupi. “Time Zones” ni sauti za saa za simu za nchi mbalimbali, zikitaja saa na dakika kwa lugha tofauti, moja juu ya nyingine, bila ala hata moja. Kipande chenye jina la albamu ni milio ya majini, kama chombo kinachotafuta chombo kingine gizani.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu masikio yetu. Mwingereza kijana wa mwaka 1983 alihitaji kuelezwa kwa nini mtu aweke mlio wa kituo cha redio kwenye santuri. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki katika nyumba yenye redio ya masafa mafupi hahitaji maelezo hayo. Anajua mkono wa baba ulivyozungusha kitufe polepole jioni, mluzi mwembamba ukipanda na kushuka, lugha isiyojulikana ikipita, kisha ghafla mlio wa kituo kilichotafutwa na sauti ya mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili kutoka London au Ujerumani. Mlio ule ulikuwa na furaha yake kabla ya neno lolote kutamkwa. Ninapoisikiliza “Radio Prague” ninairudia jioni ile, na ninaamini kwamba albamu hii inawafaa wasikilizaji wetu kuliko wanavyodhani.

Nyimbo zenyewe hazina upungufu. “Genetic Engineering” inafungua kwa sauti ya Speak & Spell, kichezeo cha kielektroniki cha kuwafundisha watoto tahajia, kisha gitaa na kinanda vinaingia kwa kishindo; ilifika nafasi ya 20 tu, na nafasi hiyo haikuitendea haki. “International” inaanza kwa taarifa ya habari kuhusu msichana wa Nikaragua aliyekatwa mikono, na baada ya habari hiyo McCluskey anaimba kwa sauti iliyo uchi kabisa, pasipo mapambo. Ni wimbo mgumu kuusikiliza mara mbili mfululizo, na mimi huuhesabu kati ya vitano vikubwa walivyowahi kurekodi. “Telegraph” ina mbio na hasira. “Silent Running” ni mzuri lakini hautakukalia muda mrefu.

Zikiwekwa bega kwa bega

Njia ya haki ya kuzilinganisha ni kupitia nyimbo mbili zinazoziunganisha. “The Romance of the Telescope” na “Of All the Things We've Made” zote zimo katika Dazzle Ships, lakini zilizaliwa katika kipindi cha albamu iliyotangulia: ya kwanza ilitoka mwaka 1981 katika upande wa pili wa singo ya “Joan of Arc”, ikiwa imeandikwa kwamba haijakamilika, na ya pili ilikuwa nyuma ya “Maid of Orleans”. Maana yake ni kwamba nyimbo mbili zenye utulivu zaidi katika albamu inayoitwa ngumu ni masalio ya albamu inayoitwa rahisi. Baada ya “Souvenir” zingekuwa nyimbo za kawaida tu za OMD. Baada ya milio ya nyambizi na saa za simu, zinaingia kama mtu anayekufungulia mlango ukiwa umetembea usiku kucha. Wimbo ni ule ule, ila mahali palipowekwa pameugeuza. Kwa sababu hiyo Dazzle Ships haisikilizwi kwa kurukaruka. Ukichomoa nyimbo tano na kuziweka katika orodha yako, utakuwa umezinyang'anya nusu ya nguvu zake. Architecture & Morality inavumilia kuchomolewa, na singo zake tatu zimeishi maisha yao nje ya albamu kwa zaidi ya miaka 40.

Upande wa maneno, ile ya 1981 inaimba juu ya watu: mtakatifu aliyekufa, mtu anayeondoka, kumbukumbu. Ile ya 1983 inaimba juu ya mifumo: viwanda vya magari, sayansi ya vinasaba, mawasiliano, mipaka ya vita baridi. Mimi, niliyepevuka katika dunia ya simu na mitandao, naiona ya pili kuwa imezeeka vizuri zaidi kwa maneno, na ya kwanza kwa tyuni. Bendi yenyewe iliwahi kuzipima pamoja: mwezi Mei 2016 walizipiga zote mbili katika onyesho moja kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na rekodi ya usiku huo ilitolewa. Kama unapendelea kusikia watu hai, rekodi hiyo itakupa zote kwa pamoja, japokuwa kwa anayeanza ningeshauri zile za studio, kwa sababu kwao studio yenyewe ilikuwa ala.

Kuhusu matoleo, chukua yale yaliyosafishwa upya na kuongezewa nyimbo. Toleo jipya la Architecture & Morality lina nyimbo za upande wa pili nilizozitaja, kwa hiyo utaisikia “The Romance of the Telescope” katika hali yake ya awali. Toleo la 2008 la Dazzle Ships limeongezewa pia kipande cha redio ya Uswisi, kwa walionogewa na masafa mafupi.

Albamu nyingine kwa kifupi

Baada ya Dazzle Ships kukataliwa na wanunuzi, bendi ilirudi nyuma. Junk Culture ya 1984, iliyotengenezwa kwa sehemu katika kisiwa cha Montserrat, ni ya uchangamfu na ya kucheza, na “Locomotion” yake ilifika nafasi ya 5. Kwa anayetaka furaha bila masharti ndiyo ya kuchagua. Crush ya 1985 iliwalenga Wamarekani, na mwaka uliofuata “If You Leave”, uliorekodiwa kwa ajili ya filamu, ukafika nafasi ya 4 Marekani. Ni wimbo mzuri, lakini aliyeijua OMD kupitia huo peke yake hajaijua. Mwaka 1989 Humphreys, Cooper na mpiga ngoma Malcolm Holmes waliondoka, na McCluskey akabaki na jina. Sugar Tax ya 1991 ilifika nafasi ya 3 na ina “Sailing on the Seven Seas” na “Pandora's Box”, lakini ni kazi ya McCluskey bila wenzake wa zamani, na Humphreys anakosekana humo kama chumvi.

Waliungana tena mwaka 2006. Kati ya albamu za baadaye ninaipenda zaidi English Electric ya 2013, kwa kuwa ndiyo iliyothubutu kuzipatanisha zile mbili: ina melodi pana za 1981 na, katikati yake, vipande vya sauti za matangazo kama vya 1983. Bauhaus Staircase ya Oktoba 2023 ilifika nafasi ya 2, ya juu kuliko albamu yao yoyote ya studio nchini Uingereza.

Uanze na ipi, basi? Kama unasikiliza muziki ukiwa unafanya kazi nyingine, au ndani ya gari, au pamoja na watu wasioijua bendi hii, chukua Architecture & Morality, na usione haya kuuruka wimbo wa kwanza siku ya kwanza. Kama una dakika 35 tulivu, hedifoni, na uliwahi kuipenda redio kwa ajili ya redio yenyewe, anza moja kwa moja na Dazzle Ships, uisikilize bila kugusa chochote hadi iishe. Kama bado unasita, tumia “Sealand” kama kipimo. Uweke usiku, sauti iwe ya wastani, uuache utembee dakika zake zote. Ukijikuta kabla ya dakika ya nne umeshika simu kutafuta kitu kingine, rudi kwenye “Souvenir” na ubaki upande huo, kisha uende Junk Culture. Ukifika mwisho ukakuta umekaa kimya ukisubiri bahari ile irudi, fungua Dazzle Ships usiku huo huo.